Mwongozo wa Kuanzisha Podikasti ya Mahojiano Bila Kumsikia Mgeni

Kila mtengeneza dokumentari wa YouTube ana siku yake ya kufungua takwimu za chaneli na kuumwa kichwa. Amehangaika na historia ya meli ya Liemba: ilivyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa Kigoma vipande vipande, Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916, Waingereza wakaiopoa 1924 na kuirudisha kazini 1927. Ameazima picha za zamani, amepanda treni, amemlipa mwenye boti. Video imetoka, dakika 24. Huku nyuma kijana mmoja amekaa sebuleni na shemeji yake, wamebishana saa mbili nzima juu ya nani alipe bili ya chipsi mtu akitoka na mchumba, na wamemzidi watazamaji kwa mbali sana.

Hapo ndipo wazo linapozaliwa. Sofa haina nauli. Sofa haihitaji kibali cha kuingia kwenye hifadhi ya nyaraka. Sofa haizami.

Ikiwa umefikia hapo, mwongozo huu ni wako. Umeandikwa kwa ajili ya mtengeneza dokumentari wa Dar es Salaam anayetaka kufungua podikasti ya mahojiano pamoja na mtengeneza dokumentari mwenzake, na anayetaka kuifungua vilevile wengi wanavyozifungua zao. Fuata hatua zote kwa mpangilio. Ukiruka hata moja, kuna hatari ya kumsikia mgeni.

Hatua ya 1: Chagua mwenzako anayefanana nawe kila kitu

Redioni kazi hugawanywa. Yupo mtangazaji, yupo fundi mitambo, yupo mtayarishaji wa kumpigia mgeni simu jana yake kumkumbusha. Huo ni uzee. Wewe tafuta mtu mwenye ujuzi uleule ulio nao: anajua taa, anajua droni, anaweza kukaa usiku kucha akirekebisha rangi ya anga, na akiambiwa ampigie simu mtu asiyemfahamu hutokwa jasho. Sasa mko wawili msioweza kupiga simu.

Kikao cha uzinduzi kifanyike kijiweni, kwa kahawa na kashata, na kiende hivi:

"Mwanangu, wewe una watu wako, mimi nina wangu. Tukiunganisha, tunatisha."

"Hapo umenena. Ila kuhariri itakuwaje?"

"Hilo tutaliona mbele kwa mbele."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo katiba yenu. Msiandike kingine. Msiandike barua pepe ya chaneli imefunguliwa kwa jina la nani, wala neno la siri liko kwa nani. Chaneli moja ya YouTube huunganishwa na akaunti moja ya malipo, kwa hiyo fedha zikija zitaingia kwa mmoja wenu. Hilo nalo lipiteni kimya kimya. Undugu haupimwi kwa karatasi.

Hatua ya 2: Malizeni nguvu zote kwenye jina

Kabla hamjamfikiria mgeni yeyote, tafuteni jina. Kijiwe limeshachukuliwa. Baraza limeshachukuliwa. Mkeka, Kikao, Mezani, Sebuleni, Gumzo, yote yana wenyewe. Mkifika mahali pa kutumia majina yenu wawili, jadilini lipi litangulie. Mmoja atapendekeza alfabeti, na itatokea kwamba jina lake linaanza na A.

Kisha nembo. Kisha wimbo wa kufungulia. Kisha utangulizi wenye droni ikipita juu ya daraja la Tanzanite wakati wa machweo, ingawa kipindi kizima kitafanyika ndani ya chumba kisicho na dirisha. Vita vya Waingereza na Zanzibar vya tarehe 27 Agosti 1896 vilianza na kwisha ndani ya dakika 38 hadi 45, kutegemea nani alishika saa. Utangulizi wenu ukikaribia nusu ya muda huo, mko sawa.

Hatua ya 3: Nunueni maikrofoni inayoonekana

Kwa miaka yote ya dokumentari umefundishwa kuificha maikrofoni. Umeibana ndani ya shati la babu, umeipitisha chini ya khanga ya bibi, umeomba radhi kwa kuigusa kola ya sheikh. Podikasti inataka kinyume chake. Hapa maikrofoni ndiye mhusika mkuu, na mgeni yuko nyuma yake kwa mbali.

Nunueni Shure SM7B au kitu cha kufanana nayo. Mababu zake waliingia sokoni 1973 kwa jina la SM7, na Michael Jackson aliimbia modeli hiyo katika albamu ya Thriller ya 1982, habari ambayo mtamsimulia kila mgeni wakati anasubiri muanze. Fundi atawaambia kwamba maikrofoni ya aina hii hutoa mawimbi hafifu, inahitaji kifaa cha kuikuza chenye nguvu, na lazima ikae umbali wa ngumi moja kutoka mdomoni. Mpuuzeni. Iwekeni mbali kidogo, isizibe sura zenu. Kama bajeti haitoshi, tembeeni Kariakoo. Mtapata yenye umbo lilelile na roho tofauti.

Hedifoni ni lazima, kila mmoja na yake. Kazi yake halisi ni kugundua kwamba sauti imekatika, au kwamba feni inanguruma kuliko mgeni. Ninyi zitumieni kusikiliza sauti zenu wenyewe. Mtashangaa mlivyo na sauti nzuri, na mshangao huo utawachukua kipindi kizima.

Hatua ya 4: Tafuteni chumba chenye majirani

Sinza panafaa. Chumba kiwe kati ya baa na gereji, kiwe na ukuta mtupu na sakafu ya vigae, ili kila neno liruke na kurudi mara mbili. Wajuzi husema mapazia mazito, mazulia na hata magodoro yaliyosimamishwa ukutani hupunguza mwangwi kwa gharama ndogo. Magodoro hayapendezi kwenye kamera. Ninyi wekeni taa ya zambarau.

Halafu kuna suala la feni. Ukiiwasha, inanguruma. Ukiizima mwezi wa Februari, Dar es Salaam itaingia chumbani yote, na mgeni aliyekuja na suti ataanza kuyeyuka dakika ya kumi. Zimeni. Jasho humfanya mtu aonekane mkweli.

Hakikisheni hamjaangalia salio la LUKU. Umeme ukikatika katikati ya simulizi, mgeni atarudia kisa chake upya, na mara ya pili atakisimulia kwa ufupi na bila kicheko, jambo litakalowapunguzia kazi. Bodaboda akipita, jogoo akiwika, konda akiita abiria wa Mwenge, semeni pamoja kwa sauti moja: "Tutaisafisha kwenye kuhariri." Ni dua ya watengeneza dokumentari wote, na haijawahi kuitikiwa.

Hatua ya 5: Mwalikeni mgeni kwa sababu isiyomhusu

Wageni watatu wa kwanza wawe marafiki zenu. Wa nne awe mhamasishaji atakayewaeleza namna ya kufanikiwa, kisha aombe nauli ya kurudi. Wa tano awe mtu mwenye wafuasi wengi Instagram. Msiulize anajua nini. Ulizeni ana wangapi.

Siku moja, kwa bahati, atakuja mgeni wa kweli. Tuseme ni mzee aliyejenga reli ya TAZARA. Hapa ndipo mwongozo huu unapohitajika kuliko popote, kwa maana mzee wa namna hii akiachiwa nafasi atasema kitu. Msimtembelee kabla. Msimpigie simu ya nusu saa kujua aliwekwa kambi gani, alilala wapi, nani alikuwa rafiki yake. Someni habari za reli kwenye simu mkiwa mnamsubiri getini, kisha ziwekeni zote ndani ya swali la kwanza:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Hamjambo?"

"Hatujambo. Mzee, kama tunavyofahamu, TAZARA ilijengwa kuanzia 1970 hadi 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi kule Zambia, kwa mkopo wa China usio na riba, na ninyi vijana wa wakati ule mlijitoa kwa uzalendo mkubwa sana, usiku na mchana, porini, mvua, jua. Hebu tuelezee."

"Ni kama ulivyosema."

Hilo ndilo swali la mtengeneza dokumentari aliyekomaa. Amezoea kuandika masimulizi na kuyasoma mwenyewe, kwa hiyo anapouliza, anajibu. Mgeni anabaki na kazi moja tu ya kukubali.

Lakini wazee wana ubishi. Huyu anaweza kunywa maji, akatulia, akaongeza bila kuulizwa:

"Ila mimi uzalendo sikuwa nao. Nilikuwa namkimbia baba mkwe. Nilisikia kule Mlimba wanachukua watu, nikasema huko hanifuati."

Msitikisike. Msimuulize baba mkwe alitaka nini. Msimuulize kama alifuatwa. Mahandaki mengi ya reli ile yako kati ya Mlimba na Makambako, milimani, na inawezekana kabisa mzee ana kisa ndani ya mojawapo chenye baba mkwe na Mchina na taa ya karabai. Teremsheni macho kwenye karatasi, msome swali la pili:

"Safi sana, mzee. Na changamoto?"

"Changamoto zilikuwepo."

"Tutarudi hapo. Kwanza tuwashukuru wadhamini wetu."

Hamtarudi hapo.

Kwa faida ya wasiojua, orodha kamili ya maswali yanayoruhusiwa ni hii: Kwa wale wasiokufahamu, wewe ni nani? Safari yako ilianzaje? Changamoto ulizokutana nazo? Una neno gani kwa vijana? Una la mwisho? Maswali haya yana sifa moja kubwa: yanamfaa mbunge, mcheza soka, mganga na muuza vitumbua bila kubadilisha herufi. Swali la "Halafu ikawaje?" limepigwa marufuku. Ni fupi mno, halionyeshi kwamba umesoma, na mgeni akilisikia anaweza kuendelea.

Ukimya nao ni hatari. Mtu akimaliza kujibu na wewe usiseme neno kwa pumzi tatu au nne, mara nyingi hujihisi anadaiwa na kuongeza jambo ambalo hakupanga kulisema. Zibeni nafasi hiyo mara moja kwa kusema "Dah!", na mwenzako aseme "Aisee!", kwa zamu.

Hatua ya 6: Jifunzeni kutikisa kichwa baadaye

Watu wa televisheni wenye kamera moja wana ujanja wao wa siku nyingi. Mahojiano yakiisha, kamera hugeuzwa kwa mtangazaji, naye hurekodiwa akitikisa kichwa kwa makini, akikunja uso, akitabasamu kidogo. Picha hizo hupachikwa kati ya majibu ili zifiche mikato. Wakati huo mgeni anaweza kuwa ameshafika Ubungo.

Ujanja huu unamaliza tatizo zima la kusikiliza. Mgeni anapozungumza, wewe angalia kama kamera ya pili imepata moto, kama kadi imejaa, kama sahani ya matunda imekaa sawa. Akishaondoka, keti, kitazame kiti kitupu, na ukisikilize kwa huruma. Kiti hakina kona za ajabu wala baba mkwe.

Wapo watakaowatajia mifano ya kuwapotosha. Watawaambia habari za Studs Terkel wa Chicago, aliyekaa miaka 45 kwenye redio ya WFMT akihoji watu. Alikuwa mgumu wa mitambo, akihangaika na kinasa sauti mbele ya mgeni, na mgeni kwa kumwonea huruma alilegea na kuanza kuongea. Watawatajia Errol Morris, mtengeneza dokumentari mwenzenu kabisa, aliyebuni mtambo wa vioo na skrini ili anayehojiwa amwone muulizaji usoni huku akiitazama lenzi yenyewe. Na kama wamesoma, watasema Shaaban Robert alikwenda kukutana na Siti binti Saad kabla ya kifo chake mwaka 1950 ili kumwandikia wasifu, bila maikrofoni na bila taa ya zambarau.

Waitikieni kwa adabu. Hao wote walikuwa na shida moja ambayo ninyi hamna: walikuwa wanataka kujua.

Hatua ya 7: Haririni mpaka irudi kuwa dokumentari

Sababu ya kuanzisha podikasti ilikuwa kukimbia kuhariri. Mtarekodi saa moja, mtapakia saa moja, mtakwenda kulala. Ndivyo mlivyokubaliana pale kwenye kahawa.

Sasa usiku wa kwanza mmoja wenu atafungua faili "kusikia tu kama sauti iko sawa". Ataona kikohozi, atakikata. Ataona mzee ametaja Makambako, na yeye ana picha za droni za Makambako kwenye diski tangu mwaka juzi. Ni dhambi kuziacha. Ataweka kinanda cha huzuni. Ataweka ramani yenye mstari mwekundu unaotambaa. Errol Morris alimhoji Robert McNamara kwa takriban saa 20 na kutoa filamu ya dakika 107, The Fog of War, mwaka 2003. Ninyi mna saa moja tu, lakini moyo ni uleule. Baada ya wiki tatu mtakuwa na dakika 24, sauti ya msimulizi, na mzee anayeonekana mara mbili, zote akiwa kimya, akitazama dirisha mliloliongeza.

Kitaalamu, rekodini kila maikrofoni kwenye njia yake, kilohezi 48, na pigeni kofi moja mwanzoni ili sauti na picha zioane. Hilo nalisema bila utani, kwa sababu mtalisahau.

Picha ya jalada ina sheria zake. Wewe na mwenzako mshike mdomo kwa mshangao, mzee akatwe kutoka picha ya harusi ya mjukuu wake, na juu yake maandishi ya manjano: MZEE WA TAZARA AFICHUA SIRI NZITO. Siri pekee aliyoifichua, ile ya baba mkwe, mmeikata kwa kuwa jogoo aliwika katikati yake.

Hatua ya 8: Pigeni hesabu za fedha kabla hazijaja

Ili YouTube iwagawie mapato ya matangazo, chaneli inatakiwa iwe na watu 1,000 waliojisajili pamoja na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au video fupi zilizotazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Ndugu wa ukoo wanafika 60 mkiwabembeleza. Waliobaki watatafutwa mbele kwa mbele, kwa mujibu wa katiba.

Serikali nayo msiisahau. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilipoanza 2018, leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ilikuwa shilingi milioni moja kwa mwaka, na chaneli nyingi zilinyamaza kwanza kupiga hesabu. Kanuni zimeandikwa upya 2020 na kurekebishwa tena baada ya hapo, kwa hiyo mtu makini husoma toleo linalotumika leo kabla hajawasha kamera. Ninyi mtasoma siku mtakayoitwa.

Mdhamini wa kwanza atakuwa muuza manukato wa mtaa wa pili, na atalipa kwa manukato.

Hatua ya 9: Achaneni vizuri

Podikasti yenu haitakufa kwa kukosa wageni. Itakufa siku ile mmoja atakapouliza, "Hivi kwani nani anahariri hii?" na mwenzake akasoma ujumbe bila kujibu. Hakutakuwa na ugomvi. Kutakuwa na "nimebanwa kidogo wiki hii, kaka", kisha "tutapanga", kisha salamu za Idi. Kipindi cha mwisho kitaahidi kwamba wiki ijayo watu wasikose.

Mkishaachana, kila mmoja afungue podikasti yake. Ukifika wakati wa kutafuta mgeni wa kwanza, mwite yuleyule mwenzako. Atakuja, naye anatafuta watazamaji. Safari hii utajikuta huna karatasi, kwa kuwa swali lako halihitaji kuandikwa. Jibu lake hulijui, hulipati kwenye simu, na umelala nalo miezi. Utasahau maikrofoni, utasahau taa, utamsogelea na kumuuliza kwa maneno machache: "Kaka, lile faili zima la mzee wa TAZARA, lenye baba mkwe, uliliweka wapi?"

Kisha utanyamaza, na hutasema "Dah!" Akisema "Nadhani liko kwenye ile diski nyeusi", utamuuliza diski nyeusi ipi. Akisema alimwazima mtu, utamuuliza halafu ikawaje.

Pongezi. Umeanza kuhoji.